Sufuria Ililala Kwanza

Mwezi wa sita, Katuba, baridi haiji na mvua.
Inakuja kavu, na vumbi jekundu mdomoni,
inapita chini ya mlango kama mdai
anayejua kwamba mmo ndani.

Mama alinunua makala kwa kopo.
Gunia lilikuwa la watu wa mshahara.
Aliyamwaga chini, akayachagua:
makubwa ya maharagi, madogo ya bukari,
na ule unga mweusi unaobaki
aliukanda kwa udongo na maji,
akafinyanga mipira, akaianika juu ya bati.
Masengo alisema tunafuga kuku wa ajabu
anayetaga mayai meusi.

Maharagi yalilowa tangu jana.
Yakichemka nusu saa, mama alisema basi.
Mabichi bado! Ukiuma moja, linakujaribu jino.
Lakini sufuria imeshaondolewa,
mfuniko umefungwa kwa kitambaa cha kichwa,
gazeti kuzunguka, raundi tatu,
halafu lile blanketi la kijivu la kambini
lenye namba ya baba kwenye pindo,
halafu katoni ya sabuni.
"Msifunue. Mkifunua, mtakula mawe."

Kwa hiyo sufuria ililala kwanza.
Sisi watatu, magoti kifuani,
tuliitazama ilivyojifunika
kama mgeni wa heshima aliyefika na homa.

Moto haukuachwa ukae bure.
Maji ya bukari. Halafu maji ya miguu.
Halafu tofali, lile lile la kila usiku,
lililopasuka pembeni,
likaviringishwa kwenye sketi kuukuu
likatangulia kitandani.
Umba alilia tuingize mbabula ndani.
Kila usiku alilia,
na kila usiku mama alimjibu kwa jina moja tu:
"Kisimba."
Kisimba alikuwa jirani.
Alifunga mlango, na moto ndani.
Asubuhi mlango ulifunguliwa na watu wengine.

Saa mbili, mama alipiga magoti mbele ya katoni.
Mvuke ulimpanda usoni, akafumba macho,
akakaa hivyo kidogo kuliko ilivyohitajika.
Sasa nadhani hapo ndipo alipoota moto wake,
pumzi tatu, nne, kabla ya kutugawia.
Maharagi yalikuwa laini kama sikio la mtoto.
Nyanya moja. Mawese, kijiko, na kijiko kikageuzwa
kikapanguswa kwa tonge.

Kisha blanketi likahamia kwetu,
bado na joto la sufuria, likinuka kitunguu.
Tuligombania pale katikati
palipokuwa pamekaa kitako chake.
Mimi, mkubwa, nilipata pindo
na namba ya baba shavuni: 4417.

Asubuhi tulikwangua ukoko wa bukari,
tukaulowesha kwa chai ya rangi,
tukaenda shule midomo imepasuka
na matumbo hayana malalamiko.

Leo nina jiko la umeme
linalofanya kazi siku linapopenda.
Juzi umeme ulikatika, maharagi yako nusu njia,
na baridi ile ile chini ya mlango mwingine.
Nilitoa blanketi kitandani. Nikatafuta katoni.
Saa tatu baadaye, mawe matupu.

Nikampigia mama:
gazeti, raundi tatu au nne?

Akacheka mpaka akakohoa.
"Gazeti? Nani alinunua gazeti katika nyumba ile?
Zilikuwa barua za baba yako.
Zile za kiwanda, zenye muhuri:
subirini, malipo yenu yanakuja.
Karatasi nene, mwanangu, nzuri kabisa.
Zilitunza joto kuliko zilivyotunza neno."

Nilinyamaza. Yeye hakunyamaza.
Aliuliza kama nilitia chumvi mapema.

Nikasema ndiyo.

"Basi," akasema, "ndiyo maana ni magumu."